Kinyozi Redio na Tone la Kwanza

Mumewe alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio. Ukikaa kwenye kiti chake ukafungwa kitambaa shingoni, ungesikia habari za mpira, za paka wa jirani aliyezalia ndani ya kabati la nguo, na za bwana mmoja aliyenyolewa upande wa kushoto, akaitwa na mkewe, na hajarudi hadi leo. Mkasi ndio uliofuata mdomo. Wenye vipara walikuwa wakija tu kukaa kwenye benchi.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akipiga mswaki. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja.

"Sawa."

Unataka chai? Sawa. Au uji? Sawa. Nifunge dirisha au niliache? Sawa. Alilitamka vizuri, kwa sauti yake ileile nzito ya zamani, kiasi kwamba mgeni angeweza kukaa naye kitambo kizima na kuondoka akisema mbona mzee yuko salama. Ni mkewe tu aliyeyaona macho yake pale neno lilipotoka. Yalikuwa macho ya mtu anayetia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, na kila mara anatoa kifungo kilekile cha shati.

Watoto wa mtaa walisema Redio imezimika. Hawakuwa na ubaya. Walisema kwa huzuni, kama wanavyosema umeme umekatika.

Mke mwenyewe alikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda cha shashi, zile shashi nyeupe za kufungia vidonda. Maabara ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye sinki, meza ya vigae, dirisha linalotazama ukumbi wa matangi, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeitoa kwa sababu ilikuwa imeziba ufa ukutani. Aliingia humo akiwa msichana. Wiki ya kwanza mkuu wa zamu alimwambia nywele ndefu na asidi havikai chumba kimoja, naye akaenda kutafuta kinyozi. Akampata kijana aliyekuwa amefungua duka siku hiyohiyo, kiti bado kina karatasi ya dukani. Kijana aliongea kuanzia kitambaa kilipofungwa hadi kilipofunguliwa, akakataa malipo, akasema mteja wa kwanza ni baraka. Tangu hapo hakumwita kwa jina. Walipooana alimwita Mteja. Binti yao, ambaye sasa ameolewa mbali, alikua akidhani wanawake wote wenye waume huitwa hivyo.

Kila asubuhi, kabla vitambaa vya pamba havijaingizwa tangini kung'arishwa, alichota maji ya tangi na kuyapima. Ndani yake mlikuwa na haidrojeni peroksaidi, ambayo kiwandani wote waliiita dawa. Dawa ikiwa kidogo, shashi hutoka na umanjano. Ikizidi, hula uzi wenyewe. Nayo dawa hiyo ina tabia ya kuchoka. Huchoka kwa joto, huchoka kwa mwanga, huchoka hata ikikaa tu pipani bila kuguswa na mtu. Maandishi ya nje ya pipa hayakuambii imebakiwa na nguvu kiasi gani. Lazima uiulize yenyewe.

Kuiuliza ni hivi. Alivuta maji kidogo ya tangi kwa pipeti, kijirija cha kunyonyea kipimo, akayatia katika chupa yenye tumbo pana na shingo nyembamba, akaongeza maji safi, kisha asidi ya salfuriki; asidi ikisahauliwa, kila kitu hugeuka tope la kahawia na kazi huanza upya. Juu ya chupa, kwenye stendi, ilisimama bureti, mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo, uliojaa pamanganeti ya zambarau iliyokolea hadi kuonekana nyeusi. Basi unaidondosha hiyo zambarau tone kwa tone, mkono wa pili ukitikisa chupa. Dawa humeza rangi. Tone linaingia na zambarau yake, linapotea, maji yanabaki meupe. Unaendelea hivyo mpaka dawa yote imalizike. Hapo tone moja hukosa wa kulimeza, na maji yanashika waridi hafifu, kama maji uliyosuuzia kitambaa chekundu mara ya tatu. Ukihesabu hadi thelathini na waridi bado lipo, umefika. Unasoma bureti kuona zambarau kiasi gani imetumika, unapiga hesabu, na nguvu ya dawa unaijua.

Lakini kuna tone la kwanza. Tone la kwanza kabisa halimezwi upesi. Linaingia, linatawanyika, na linakaa. Maji yanakuwa ya waridi hasa, na asiyejua ataapa kwamba kazi imekwisha, kumbe haijaanza. Inabidi kutikisa na kungoja. Waridi litafifia taratibu, kwa shingo upande. Tone la pili litakwenda haraka kidogo, la tatu haraka zaidi, na baadaye unaweza kufungua koki ikatiririka. Ni kama la kwanza likishaingia ndani ndilo linalowafungulia wenzake mlango.

Wiki ile mumewe alipolazwa, yeye alishinda hospitali, na kipimo kikafanywa na msimamizi wa matangi. Huyu kiwandani aliitwa Chapchap. Alikuwa rafiki wa Redio tangu ujana, ndiyo maana mke wa Redio alimwita shemeji. Chapchap alidondosha tone moja, akaona waridi, akafunga koki. Kwa hesabu yake, tangi halikuwa na dawa hata ya kuoshea kikombe. Akaamuru pipa zima limiminwe. Shashi zilitoka nyeupe kama meno ya kwenye tangazo, na ukizivuta kidogo ziliachana kama karatasi iliyolowa. Mgonjwa akipiga chafya, alisema mkuu wa zamu, kidonda kiko nje. Ziliishia kufutia mashine. Tangu siku hiyo, Chapchap akipita ukumbini, vijana wa kukunja shashi hupiga chafya.

Ijumaa moja alasiri, miezi kadhaa baada ya kiharusi, wifi yake alifika.

Wifi huyu, dada mkubwa wa Redio, alikuwa mjane, mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na mkubwa wa moyo pia. Aliishi mbali, safari ya kutwa, katika nyumba yenye vyumba vingi alimobaki peke yake. Katika ukoo alijulikana kwa kukoroma. Redio alikuwa akiwasimulia wateja kwamba utotoni walilala chumba kimoja, na huko ndiko alikojifunza kuongea sana, kwa sababu alikuwa anashindana.

Wifi alimkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu, akamfuta mate pembeni ya mdomo kwa kidole gumba kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, kisha akakaa kitandani akavua viatu.

"Wifi yangu, tusifichane," alisema. "Wewe unatoka alfajiri, unarudi umechoka. Yeye anashinda na huyo fundi cherehani wa hapo mlangoni, mtu wa watu, ana kazi zake. Kwangu kuna ua. Kuna jua. Mimi mwenyewe nipo tu, naongea na kuta. Nipe mdogo wangu nimtunze. Mwanangu anakuja na gari Jumapili."

"Sijui mwenyewe anasemaje."

"Si yuko hapa? Tumuulize. Mdogo wangu! Eti twende kwangu? Ukakae na dada yako?"

Redio alimtazama dada yake. Akageuza kichwa, akamtazama mkewe. Mdomo ukafunguka, ukatafuta.

"Sawa."

"Umemsikia mwenyewe," alisema wifi, na machozi yakamlenga kwa furaha.

Mke alimsikia. Alisimama akafungua kabati, akaanza kukunja mashati. Aliyakunja vizuri, kola juu ya kola, na hakusema neno, kwa kuwa kila alilotaka kusema lilikuwa na jibu. Ni kweli alikuwa anachoka. Ni kweli mumewe alishinda akitazama mlango. Mtaalamu wa matamshi kule hospitali alikuwa amemweleza: mama, ukimuuliza kitu, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo, mpe nafasi. Alikubali kwa kichwa, na ushauri wenyewe akauacha getini. Nyumbani alikuwa na haraka. Aliuliza na akajibu. Unataka maji, ee, unataka maji, haya maji haya. Kuungoja ule mdomo ukihangaika kulimuuma kuliko kusimama siku nzima, na ilikuwa nafuu kumpa neno kuliko kumwona akilikosa.

Na chini kabisa, mahali ambapo hakupenda kupafikia, kulikuwa na hofu nyingine. Huenda anataka kweli. Huenda amechoka kushindwa mbele yangu, akaona heri akashindwe mbele ya dada yake aliyemzoea tangu akiwa hajui kutembea.

Jumamosi ilikuwa nusu siku. Alifika maabara akavaa koti, akajaza bureti, akachuchumaa macho yalingane na mstari. Pamanganeti ilivyo nyeusi, bonde la uso wake ndani ya mrija halionekani, kwa hiyo husomwa ukingo wa juu. Alikuwa amesoma hivyo kwa miaka, na asubuhi hiyo ilimbidi asome mara mbili.

Chapchap aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akiwa ameshika kofia.

"Shemeji, vijana wananiuliza. Tangi tayari?"

"Mwenyewe unaona tayari?"

Mke alidondosha tone la kwanza. Waridi likatanda chupani, likakaa.

"Waridi hilo hapo!" alisema Chapchap. "Mimi naliona, kipofu analiona. Andika twende."

"Niandike ukamwage pipa jingine? Wagonjwa walikukosea nini?"

"Ah, shemeji. Na wewe hujasahau?"

"Nimesahau. Nakumbushwa na hizi shashi zako tunazofutia meza."

Chapchap alicheka, akaegemea ukuta. Mke aliendelea kutikisa chupa, taratibu, kwa mzunguko wa kifundo cha mkono. Nje vyuma viligongana, mtu aliita jina la mtu, mvuke ukapiga filimbi. Waridi lilikuwa bado.

"Redio hajambo?"

"Anaondoka kesho. Dada yake anamchukua."

Chapchap alinyanyuka ukutani. "Anamchukua wapi?"

"Kwake. Akamtunze. Kuna ua, kuna jua."

"Na Redio kasemaje?"

"Aliulizwa. Kasema sawa."

"Redio husema sawa kwa kila kitu! Juzi nilipopita kumsalimia nilimuuliza kama mimi ndiye mbaya wa sura kuliko wote mtaani. Akasema sawa." Alingoja shemeji yake acheke. Hakucheka. Ndipo Chapchap akamtazama yeye, akaitazama chupa, na sauti yake ikapungua kidogo. "Yaani shemeji. Wewe. Kasema sawa, na wewe ukafunga koki?"

Mkono wa mke uliendelea kuzunguka wenyewe. Ndani ya chupa waridi lilikuwa linaanza kukonda, kwanza pembezoni, kisha katikati, hadi karatasi nyeupe chini ya chupa ikaonekana nyeupe kabisa. Alifungua koki. Tone la pili likaingia na kutoweka. La tatu hata hakuliona lilivyopotea.

"Nenda kawaambie vijana wangoje," alisema. "Nakaribia kumaliza."

Alipomaliza alihesabu hadi thelathini, akasoma ukingo wa juu, akapiga hesabu, akaandika jibu kwa chaki kwenye ubao wa matangi. Dawa ilikuwa na nguvu kuliko alivyoikisia. Alivua koti akaondoka, na kwa mara ya kwanza akasahau kusuuza bureti. Chapchap ndiye aliyeisuuza, akimwaga maji kila mahali.

Nyumbani alikuta begi limefungwa na kuwekwa karibu na mlango. Mlangoni kwa jirani cherehani ilikuwa ikikimbia na kusimama. Wifi alikuwa akimlisha Redio ndizi iliyopondwa, akimweleza habari za kila chumba cha nyumba yake na kipi kitakuwa chake. Redio alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mkono mzima wa kushoto.

Mke alinawa mikono, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, magoti yao yakagusana.

"Wifi, naomba nimuulize tena."

"Si tulimuuliza jana?"

"Tulimuuliza. Hatukumngoja."

Wifi alishusha kijiko, asielewe. Mke alimshika mumewe ule mkono wa kulia, uliolala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mwingine.

"Baba," alisema, "dada anataka ukakae kwake. Mimi nataka nijue unachotaka wewe. Ukitaka kwenda, nitakupeleka mwenyewe na sitanuna. Sina haraka."

Redio alimtazama. Mdomo ukafunguka.

"Sawa," alisema.

"Unaona?" alisema wifi. "Mtu mwenyewe ame..."

Mke alinyoosha mkono wa pili, akamshika wifi yake gotini, na kuuacha hapo. Hakusema ee. Hakusema haya basi. Alihesabu kimoyomoyo, akafika thelathini, akaanza tena.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko alivyowahi kukiruhusu ndani ya chumba kile. Cherehani ilisimama. Uso wa Redio ulikunjamana, jasho likamtoka juu ya mdomo, midomo ikakutana na kuachana, ikakutana tena, na kila ilipokutana mke alikuwa na neno tayari mdomoni la kumpa, akalimeza. Aliona maumivu yake, akakaa nayo. Aliona pia kitu ambacho kwa haraka zake zote hakuwa amekiona: nyuma ya lile sawa, mumewe alikuwa bado anatafuta. Miezi yote hiyo alikuwa anatafuta, na kila mara wao walikuwa wameshaondoka.

"U," alisema Redio.

Wifi alitaka kusaidia. Goti lake lilibanwa.

"U... una..."

Alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anamtazama dada yake moja kwa moja.

"Una... koroma."

Wifi alipiga yowe, akajipiga kifuani, akaanguka nyuma kitandani akicheka, na kitanda kikalia. "Jamani! Jamani, mtoto wa mama! Amekaa kimya miezi yote, neno la kwanza ananitukana!" Alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kitambaa cha kumfutia Redio mdomo, akacheka tena. "Kwa hiyo hutaki? Ndiyo kusema hutaki?"

"Si... taki," alisema Redio. Hili lilikuja upesi zaidi. "Kuta. Kuta zina... tetemeka."

"Uongo mtupu!"

"Zinatetemeka," alisema Redio, bila kukwama popote, na mwenyewe akashangaa.

Mlangoni fundi cherehani alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, amesahau alichofuata.

Wifi alikaa sawa. Alimtazama mdogo wake kwa muda, na furaha usoni mwake ikaingiwa na kitu kingine, kitu cha mtu anayeirudia nyumba yenye vyumba vingi. Redio alikiona. Alinyanyua mkono wa kushoto, akautafuta wa dada yake.

"Dada," alisema. "Kaa. Wewe... kaa hapa. Kidogo."

"Nikae hapa nikoromee wapi?"

Redio aliwaza kwa muda. "Jikoni," alisema.

Mke alicheka naye. Lilikuwa limebaki swali moja, na alijua angeweza kulijibu mwenyewe, kwa haraka, na wote wangeridhika.

"Basi unabaki na nani hapa?" aliuliza.

Akanyamaza. Akangoja.

Redio alimgeukia. Aliuangalia uso wake kama anavyouangalia kinyozi kabla ya kushika mkasi, paji la uso, masikio, nywele fupi zilizoanza kushika mvi. Midomo ilikutana. Ikakaa imekutana, muda mrefu.

"M," alisema. "M... te... ja."

"Mteja?" Wifi alimnong'oneza mke, uso umejaa huruma. "Maskini, anadhani yuko dukani bado. Mteja gani tena?"

"Mwache, wifi," alisema mke. Alikuwa ameinamisha uso juu ya ule mkono wa kulia, na hakuunyanyua. "Mwache. Bado anaongea."